Mtazamaji wa mtazamaji: tamasha la roki kwa watoto wadogo na wazazi wao

1. Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya watoto umezoea kuanzia kitabuni. Huchunguzwa hadithi, michoro yake, msamiati wake na mafunzo yanayokusudiwa. Bembelezi na nyimbo za michezo nazo hupata nafasi yao katika masomo ya fasihi simulizi. Hata hivyo, ipo sanaa moja ambayo haijapewa uzito unaoistahili, ingawa kwa zaidi ya miaka thelathini imekuwa ikiwakusanya watoto wadogo pamoja na wazazi wao katika kumbi za Australia, Marekani na Ulaya. Sanaa hiyo ni tamasha la roki linalotendwa ana kwa ana mbele ya watoto ambao baadhi yao hawajaanza hata kusoma.

Makala haya yanakusudia kuihakiki sanaa hiyo kwa kujiuliza swali moja: tamasha la namna hii ni la nani? Je, ni la mtoto aliyebebwa mabegani, au ni la mzazi aliyembeba? Swali hili si la mzaha. Jibu lake ndilo linaloamua kama mtoto amealikwa kwenye sanaa au ametumiwa tu kuwa kisingizio cha sanaa ya wengine.

Nyenzo ya uchambuzi inapatikana ndani ya taaluma ya Kiswahili yenyewe. Katika kitabu chao Fasihi na Sanaa za Maonyesho, kilichotolewa mwaka 1976, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walibainisha kwamba sanaa za maonyesho husimama juu ya mambo manne: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea, na watazamaji. Mgawanyo huo umewafaa wanafunzi wa vizazi vingi. Lakini tamasha la watoto na wazazi linauletea utata nguzo yake ya nne. Humo ukumbini hamna kundi moja la watazamaji, bali mawili. Mtoto hutazama jukwaa. Mzazi, kwa sehemu kubwa ya onyesho, humtazama mtoto wake akitazama jukwaa. Mzazi huyo aweza kuitwa mtazamaji wa mtazamaji, na hoja ya makala haya ni kwamba ubora wa onyesho hutegemea jinsi linavyoupanga uhusiano wa watazamaji hao wawili.

2. Muziki uliotenganisha vizazi

Ili ajabu ya jambo hili ieleweke, yafaa kukumbuka roki ilikotoka. Katika miaka ya 1950 nchini Marekani, muziki huu ulichipuka kutokana na bluzi na miziki mingine ya Wamarekani weusi, ukachukuliwa na vijana kuwa lugha yao, na wazazi wengi wakauona kuwa ni hatari. Tarehe 6 Januari 1957, Elvis Presley alipotokea katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan, kamera zilimwonyesha kuanzia kiunoni kwenda juu tu, ili macho ya familia yasiuone mtikisiko wa nyonga zake. Huo ulikuwa mpaka uliochorwa waziwazi: upande huu wazazi, upande ule vijana.

Mwaka huohuo wa 1957 lilitukia jambo jingine, lisilo na kelele. Ella Jenkins, mwanamuziki mweusi wa Chicago, alitoa santuri yake ya kwanza ya nyimbo za watoto kwa kampuni ya Folkways. Msingi wake ulikuwa mtindo wa kiongozi na waitikiaji: mmoja huanza, wengi humjibu. Msomaji aliyekulia penye ngoma za Afrika hahitaji kuelezwa mtindo huo. Ella Jenkins, aliyefariki mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 100, hakuwa mwanamuziki wa roki, lakini alionyesha kanuni ambayo waliomfuata wangeihitaji: mtoto hawi hadhira kwa kunyamaza, bali kwa kuitika.

Kwa hiyo tamasha la roki la watoto lina wazazi wawili wanaogombana. Kutoka kwa mmoja limerithi gitaa la umeme, ngoma kubwa, mwanga na kishindo. Yaani muziki wa kijana anayemkimbia mzazi wake. Kutoka kwa mwingine limerithi kuitikiana. Vijana wa zamani wamekuwa wazazi, na sasa wanawaongoza watoto wao kwa mkono kuelekea kwenye muziki uleule waliokatazwa wao, au waliokatazwa baba na mama zao. Kinachotakiwa kuhakikiwa ni namna warithi hao wawili wanavyopatanishwa jukwaani.

3. Usingizi wa Jeff

Mfano wa kwanza unatoka Australia. The Wiggles waliundwa mjini Sydney mwaka 1991. Anthony Field na Jeff Fatt walikuwa wametoka katika The Cockroaches, kikundi cha roki kilichovuma nchini humo katika miaka ya 1980; Field, pamoja na wenzake Murray Cook na Greg Page, walisomea elimu ya watoto wadogo katika Chuo Kikuu cha Macquarie. Hapa basi jukwaa na darasa vilikutana ndani ya watu walewale. Kila mmoja alivaa fulana ya rangi yake, buluu, nyekundu, njano au zambarau, ili hata mtoto asiyeweza kukumbuka majina aweze kumtambua mtendaji. Kwa wapenda roki wengi jambo hilo lilikuwa la kuchekesha. Kwa mtoto wa miaka miwili ilikuwa ni alfabeti ya kusomea jukwaa.

Kilele cha ufundi wao ni mchezo mmoja rahisi sana. Jeff Fatt, mpiga kinanda, alikuwa akisinzia katikati ya onyesho. Wenzake hawakumwamsha. Waliwageukia watoto, wakawaomba wapaze sauti kwa pamoja, na ukumbi mzima ukapiga kelele hadi Jeff akafumbua macho. Mchezo huo ulirudiwa kwa miaka mingi, mpaka Fatt alipostaafu mwaka 2012, na haukuchakaa.

Mhakiki wa harakaharaka atasema ni kichekesho tu. Lakini tuutazame muundo wake. Onyesho limesimama. Mtu mzima ameshindwa kufanya kazi yake. Kinachoweza kuliendesha onyesho ni sauti ya mtoto, kiumbe ambaye nyumbani huambiwa mara kwa mara apunguze sauti hiyohiyo, na ambaye yeye ndiye huamriwa kulala na kuamshwa. Kwa dakika moja utaratibu wa nyumba umepinduliwa, na umepinduliwa bila kumdhalilisha mtu. Kelele, ambayo ni roho ya roki, imeondoka kwenye vipaza sauti ikahamia vifuani mwa watoto. Mtendaji amekuwa mtazamaji na mtazamaji amekuwa mtendaji. Na mzazi je? Yeye anamsikia mtoto wake akipaza sauti kwa haki, mbele ya watu, na anafurahi. Anachokitazama si ujana wake uliopita, bali ni uwezo wa mwanawe uliopo.

Upinzani uliopo ni kwamba muziki wenyewe ni mwepesi mno, na kwamba mzazi akizisikiliza nyimbo hizo siku nzima atachoka. Upinzani huo una ukweli. Hata hivyo, unampima mtendaji kwa kipimo cha mzazi. Marudio yanayomchosha mtu mzima ndiyo yanayompa mtoto nafasi ya kutabiri, na mwenye kutabiri huingia katika wimbo akiwa tayari. Kila anayezijua ngano za Kiafrika anajua kwamba wimbo unaorudiwa katikati ya hadithi haupo kwa sababu fanani amekosa maneno. Upo ili hadhira ipate mlango.

Jambo la kutafakariwa zaidi lilitokea baadaye. Mwaka 2022 waanzilishi wa The Wiggles walifanya maonyesho yaliyoruhusiwa kwa wenye umri wa miaka 18 na zaidi tu. Watoto wa miaka ya 1990, sasa watu wazima, walirudi peke yao kumwamsha Jeff. Furaha yao ilikuwa halali, lakini lilikuwa tendo jingine kabisa. Mchezo uleule, uliokuwa ukimpa mtoto mamlaka, uligeuka kuwa kumbukumbu ya mamlaka. Tofauti hiyo inatupatia kipimo: penye mtoto, onyesho hutazama mbele, mtoto akiondolewa, hugeuka nyuma.

4. Dinosauri wenye lugha yao

Mfano wa pili unatoka Ufini, nchi ambayo roki nzito ya magitaa yenye mngurumo, iitwayo hevi metali, imekubaliwa na jamii kuliko katika nchi nyingi. Mwaka 2009 kilianzishwa humo kikundi cha Hevisaurus. Mwanzilishi wake, mpiga ngoma Mirka Rantanen, alikuwa tayari ni mtu wa muziki huo. Watendaji watano huvaa mavazi ya dinosauri kuanzia kichwani hadi miguuni, kila mmoja na jina lake la kuchekesha, na hupiga hevi metali ya kweli kwa ajili ya watoto.

Neno "kweli" ndilo lenye uzito hapa. Hevisaurus hawakuupunguza muziki ili umfae mtoto. Waliubadilisha uso wa mpigaji. Hevi metali ya watu wazima hucheza na hofu: mafuvu, giza, sauti za kutisha. Mtoto naye ana hofu zake, na dunia yake imejaa majitu. Dinosauri ni jitu lifaalo kuliko yote, kwa sababu ni kubwa, lina meno, na limekwisha toweka. Linaweza kutisha bila kudhuru. Ni mbinu ya zimwi katika ngano, ambaye msikilizaji humwogopa akiwa ameketi salama karibu na bibi yake. Ukumbini nafasi ya bibi inashikwa na mzazi. Mtoto anapoogopa ngurumo ya kwanza hujibanza kwake. Anapozoea, huachilia mkono. Kuachilia huko mkono, na wala si wimbo wowote, ndiko tendo kuu la tamasha hilo.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili kuna somo jingine, la lugha. Roki imeenea duniani kwa Kiingereza, na vikundi vingi vya Ufini vimeimba kwa Kiingereza ili visikike nje. Hevisaurus huimba kwa Kifini, lugha yenye wasemaji wapatao milioni 5 tu. Sababu haihitaji nadharia ndefu: mtoto wa miaka minne hawezi kuitikia asichokielewa. Na wazo hilo lilipovuka mpaka kwenda Ujerumani, halikuvuka na Kifini chake. Kiliundwa kikundi cha Kijerumani, Heavysaurus, chenye kuimba kwa Kijerumani. Kijana aliweza kuuza kaseti za lugha asiyoijua na bado akajiona mtu wa kisasa. Mtoto mdogo hakubali biashara hiyo. Yeye ndiye mlinzi mkali wa lugha ya nyumbani, bila hata kujua kwamba anailinda.

5. Magitaa ya kuchezea, nyimbo za wazazi

Mfano wa tatu ni mgumu zaidi kuuamulia. The Wackids ni wanamuziki watatu wa Bordeaux, Ufaransa, ambao huzipiga nyimbo mashuhuri za roki kwa ala za kuchezea: gitaa dogo la plastiki, kinanda cha mtoto, ngoma za kitoto. Watazamaji wao ni familia.

Katika upande wa ala, wazo hili ni zuri ajabu. Mtoto anaona mikononi mwa mtu mzima kitu ambacho yeye mwenyewe anacho chini ya kitanda, na anakisikia kikitoa muziki. Umbali kati ya jukwaa na chumba chake unafutika. Hahitaji kuambiwa kwamba naye anaweza, amekwisha ona. Ni nadra sanaa ya watu wazima kumheshimu mtoto kiasi hicho, kwa kuvichukulia vitu vyake kuwa vyombo vya kazi.

Katika upande wa nyimbo, hata hivyo, mizani inaelemea kwa mzazi. Nyimbo ni zake. Zilipovuma mtoto hakuwapo. Nyingi ni za Kiingereza, na mtoto wa Kifaransa hazielewi, kama vile wazazi wengi wenyewe hawazielewi vizuri. Mzazi anapotabasamu kwa kuitambua milio ya kwanza, mtoto humtazama usoni akijaribu kujua kilichotokea. Hapo mpangilio umegeuka: mtoto ndiye aliyekuwa mtazamaji wa mtazamaji.

Je, hilo ni kosa? Si lazima. Urithi wote hupokewa hivyo, kwa mtoto kuusoma uso wa mkubwa kabla ya kuuelewa wimbo. Katika ngoma za arusi mitaani mwetu, mtoto achezaye pembeni hajui maana ya maneno yote, naye hafukuzwi. Lakini kuna tofauti kati ya urithi na kasumba. Urithi humpa mtoto kitu cha kufanya. Kasumba humtaka apende tu kile kilichopendwa. The Wackids wanaokolewa na magitaa yao madogo, kwa kuwa hayo humpa mtoto kitu cha kwenda kufanya nyumbani. Kikundi kitakachopiga nyimbo zilezile kwa ala za kawaida, kikaita tamasha hilo la watoto kwa sababu tu limewekwa saa tisa mchana, hakina utetezi huo.

Njia nyingine ya kulitatua tatizo hili imeonekana Marekani, pale wanamuziki wa roki ya watu wazima walipotunga upya badala ya kukumbusha. Dan Zanes, aliyekuwa wa The Del Fuegos, aligeukia nyimbo za familia, na albamu yake ya mwaka 2006, Catch That Train!, ikapata tuzo ya Grammy ya muziki wa watoto. They Might Be Giants walitoa No! mwaka 2002, kisha albamu za herufi na tarakimu. Watunzi hao hawakutafuta wimbo wa mtoto unaovumiliwa na mzazi, wala wimbo wa mzazi unaobanwa umtoshe mtoto. Walitafuta wimbo ambao wote wawili wanausikia kwa mara ya kwanza siku moja. Usawa huo wa kutojua ni hali adimu kati ya mkubwa na mdogo, na ukumbi wa muziki ni mahali pachache unapoweza kutokea.

6. Uwanja na masikio

Nguzo ya tatu ya Muhando na Balisidya, uwanja wa kutendea, haiwezi kuachwa. Mtoto ni mfupi. Ukumbi wa watu wanaosimama humwonyesha migongo. Mtoto hulala mapema. Onyesho la usiku humchukua akiwa amechoka. Zaidi ya yote, mtoto ana masikio ambayo hawezi kuyatetea, kwa kuwa hajui kwamba sauti inaweza kudhuru na hawezi kuondoka kwa hiari yake.

Hapa sheria imewatangulia wahakiki. Amri ya serikali ya Ufaransa ya tarehe 7 Agosti 2017 imeweka kikomo cha wastani wa desibeli 102 kwa muda wa dakika 15 katika maonyesho ya muziki unaokuzwa kwa umeme. Lakini kwa maonyesho yanayokusudiwa hasa kwa watoto wa hadi miaka 6, kikomo ni desibeli 94. Uswisi nayo huweka desibeli 93 kwa maonyesho ya walio chini ya miaka 16. Tofauti kati ya 102 na 94 huonekana ndogo kwa asiyejua hesabu za sauti. Kwa kweli nguvu ya sauti hujirudufu kwa kila desibeli 3 zinazoongezeka, hivyo desibeli 8 ni tofauti ya zaidi ya mara sita.

Yafaa kuzisoma tarakimu hizo kama matini. Zinasema kwamba mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa, bali ni hadhira ya aina yake, na kwamba sanaa inayomwalika inawajibika kubadilika kabla hajaingia mlangoni. Mtendaji anayesema kwamba roki bila kishindo si roki amekwisha jibu swali la makala haya: tamasha lake ni la mzazi. Na mzazi amwekaye mtoto wake mbele ya vipaza sauti bila vifunika masikio, kisha akampiga picha, amejibu vilevile.

7. Hatima

Mifano iliyochambuliwa inaruhusu kupendekeza vipimo vitatu vya kuhakikia tamasha la watoto na wazazi. Kwanza, je, onyesho linaweza kuendelea bila sauti ya mtoto? Kama linaweza, mtoto ni pambo. Pili, je, lugha ya onyesho ni lugha ambayo mtoto anaweza kuitikia? Kama siyo, amealikwa kwenye mazungumzo ya wengine. Tatu, je, mzazi anapogeuka kumtazama mtoto wake, anamwona mtoto, au anajiona mwenyewe alipokuwa kijana?

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni madogo mno kwa chuo kikuu, na kwamba ni ya Sydney na Helsinki, si ya Lubumbashi. Lakini kiini chake, kuitikiana, kilifika jukwaani mwa Ella Jenkins kutoka katika muziki wa watu waliotolewa Afrika kwa nguvu, nazo istilahi za kukichambua zimo katika Kiswahili tayari. Kilichobaki ni kuzitumia kwa mtazamaji ambaye wahakiki wamemsahau kwa sababu haandiki, halipi kiingilio chake mwenyewe, na hawezi kulalamika. Siku Jeff aliposinzia, mtazamaji huyo ndiye aliyetegemewa. Na kila alipoitwa, alijibu.